Kumzungusha shangazi Nairobi: baridi ya Julai, mitumba na maonyesho ya mitindo

Jumapili usiku

Mimi ni wa Nairobi kabisa, nimezaliwa hapa nikasomea hapa na sasa nafanya kazi Upper Hill, lakini ukiniuliza mji huu una nini cha kuona nitakutajia mol tatu na mahali pa nyama choma halafu ninyamaze. KICC sijawahi panda. Museum nilienda mara ya mwisho nikiwa na sweta ya shule. Kwa hivyo shangazi alipopiga simu kutoka Mombasa akasema anakuja kutembea na anataka azungushwe mji "wote", nikaomba likizo na nikaanza kuuliza watu ofisini mahali pa kumpeleka, na hao pia hawajui, wote ni watu wa kazi, nyumba, kazi.

Huyu shangazi ni fundi. Ameshona Mji wa Kale tangu kabla sijazaliwa, kanzu, nguo za maharusi, mapazia, na hata sasa macho yakimsumbua bado hawezi kumpita mtu bila kuangalia pindo la nguo yake. Amekuja na treni ya saa tisa alasiri, nimempokea Syokimau usiku akiwa na dera, mtandio mwepesi na kandambili. Katikati ya Julai!

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona hamkuniambia huku ni Ulaya?"

Jumatatu

Tumeanza na KICC. Unalipa chini, unapanda lifti, halafu ngazi kidogo na uko juu kwenye uwanja wa helikopta, upepo unakupiga mpaka unashika simu kwa mikono miwili. Jengo lilikamilika 1973, ghorofa 28, mita 105, lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway akishirikiana na David Mutiso, na kwa miaka mingi ndilo lilikuwa refu kuliko yote Kenya mpaka Times Tower ikaja. Leo ukiwa pale juu unatazama Upper Hill unaona jengo la Britam limesimama na mita zake 200 na unajua kabisa mzee amezeeka. Ila bado ndio sura ya Nairobi, lile la Britam hakuna mtu atalichora kwa tishati.

Kuona hatukuona mengi. Asubuhi ya Julai mji umefunikwa na wingu la kijivu ambalo halinyeshi wala haliondoki, Ngong Hills zilikuwa kama mstari wa penseli, mbuga hata haikuonekana. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kila jengo lakini shangazi alikuwa ameshainama anatazama chini upande wa Kencom. Anaangalia watu.

"Mbona wote wavaa nyeusi? Kuna msiba?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Lakini ni kweli bana, Nairobi ikipata baridi inavaa nyeusi, kijivu na ile bluu ya karibu nyeusi, mavin kichwani, mikono mfukoni, na kila mtu anatembea haraka. Wenye rangi ni bodaboda peke yao. Na hapo ndipo shangazi alicheka karibu aanguke, tulipokuwa tunavuka Moi Avenue akaona jamaa mwenye ndevu amekaa kwa pikipiki amevaa koti refu la mwanamke la waridi lenye manyoya shingoni. Nikamwambia hiyo ni kawaida, makoti ya theluji ya wamama wa Ulaya ndio mazito na ndio bei rahisi, upepo wa saa kumi na moja asubuhi ukiwa Thika Road hauulizi koti ni la nani. Akataka la kwake. Akasema hatoki tena nyumbani bila koti kama lile la bodaboda.

Jumanne

National Museum, pale Museum Hill. Kuna Ahmed nje, yule ndovu wa Marsabit aliyekuwa na pembe ndefu mpaka Mzee Kenyatta akatoa amri ya rais alindwe na walinzi, alikufa 1974 na hapo amesimama sanamu yake na watoto wa shule wanapiga kelele chini ya tumbo. Ndani kuna mifupa ya Turkana Boy, iliyopatikana 1984 na Kamoya Kimeu karibu na Ziwa Turkana, miaka kama milioni moja na nusu. Shangazi alisoma kibao chote pole pole halafu akasema maskini, na huyu naye baridi alijifunika nini.

Kilichotushika ni picha za Joy Adamson. Serikali ya mkoloni ilimpa kazi ya kuchora makabila ya Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940, akazunguka nchi akichora watu wakiwa na mavazi yao ya sherehe, ngozi, shanga, manyoya ya mbuni, vipuli vizito vya shaba. Unaweza sema mengi kuhusu mzungu kuzunguka akichora "wenyeji", na mimi nilikuwa nayo mdomoni, lakini shangazi alikuwa ameshasogea karibu hadi askari wa museum akaanza kumwangalia vibaya. Alikuwa anahesabu safu za shanga. Anataka kujua hii ngozi imeshonwa na uzi wa nini, na huyu mama ukosi wake unashikwa na nini kwa nyuma, na kwa nini mchoraji hakuchora nyuma.

Hapo nikakumbuka ile kampeni ya vazi la taifa ya 2004, sijui kama wengi wenu mnaikumbuka, wabunifu wakakaa, vazi likazinduliwa kwa mbwembwe, halafu likapotea, hakuna mtu alilivaa kwenda popote. Nigeria hawakuhitaji kamati. Shangazi anasema vazi halizinduliwi, vazi huibiwa: ukiona jirani amependeza nawe waenda kwa fundi wasema nishonee kama lile, basi, miaka ishirini baadaye ndilo vazi lenu. Mimi naona amemaliza mjadala.

Jioni tulipita Nairobi Gallery, ile nyumba ya mawe pembeni ya Nyayo House iliyokuwa ofisi ya PC, yaani mkuu wa mkoa, ya mwaka 1913. Ndani kuna vitu vya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, vitambaa, vito, stempu. Yeye na Alan Donovan ndio walianzisha African Heritage miaka ya 70, na ile haikuwa tu duka la vinyago, walikuwa wanazunguka na maonyesho ya mitindo na wanamitindo na wanamuziki hadi ng'ambo. Watu wa mitindo Nairobi leo wanaongea kana kwamba kila kitu kilianza na Instagram.

Jumatano

Gikomba, soko la mitumba. Hii ndio siku iliyokuwa tamu kuliko zote kwa hivyo mnivumilie.

Tumefika kabla jua halijatoka kwa sababu hiyo ndio saa ya kamera. Kama hujui, belo, yaani robota la mitumba, ikifunguliwa zile nguo safi za kwanza, hazina doa, labda bado ziko na lebo ya bei, ndio kamera, na wale wenye maduka ya tao na wauzaji wa mtandaoni wamezunguka belo na tochi za simu wakizipigania. Halafu zinashuka daraja kwa daraja mpaka saa nane mchana muuzaji amechoka anapiga kelele hamsini hamsini, na kitakachobaki ni fagia. Nguo ile ile asubuhi ni mia nane Gikomba, saa sita imepigwa pasi iko kwa hanga duka la Moi Avenue elfu mbili na mia tano, na jioni iko kwa mtu Kilimani anakwambia ameitoa "ng'ambo". Hajadanganya pia, imetoka ng'ambo.

Shangazi hajawahi kuona mitumba ya namna hii. Mombasa kuna soko la Kongowea, analijua, lakini Gikomba ni kitu kingine, mabanda hadi kando ya mto, mikokoteni inakugonga visigino, mahali pengine mbao bado ni mpya kwa sababu moto ulipita, na hapa moto hupita mara nyingi, watu wanajenga tena wiki ile ile. Kenya iliingiza karibu tani 185,000 za mitumba mwaka 2019. 2020 wakati wa korona serikali ikapiga marufuku kwa miezi kadhaa na watu walikuwa wanasema sasa viwanda vyetu vitaamka. Havikuamka. Shangazi hapo akaanza kuhesabu kwa vidole, Kicomi ya Kisumu, Rivatex ya Eldoret, Raymond, vitambaa alivyoshona sare navyo akiwa msichana, unachukua thani dukani unajua imetoka wapi. Kicomi ilikufa. Rivatex ilifufuliwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Alikuwa anaongea haya yote huku amezamisha mikono kwa rundo la makoti.

Na akalipata. Waridi, limejazwa manyoya ya ndani, kofia yake, zipu nzima. Muuzaji kijana akasema elfu moja mia mbili mama, hii ni kamera. Shangazi akaligeuza ndani nje. Akavuta mshono wa kwapa. Akaonyesha mahali bitana imeachana na zipu, kidogo tu, mimi nisingeona hata kwa darubini.

"Hapa pamefunguka, mwanangu. Nani atanishonea?"

"Mama hiyo ni kitu ya dakika mbili."

"Basi nishonee."

Kijana akacheka, wenzake wakacheka, mia saba, mia sita, akalichukua mia tano hamsini na kijana akampeleka mwenyewe kwa fundi wa pembeni mwenye cherehani ya miguu, na shangazi akasimama nyuma ya fundi wa watu akimwelekeza. Pale kuna safu nzima ya mafundi wa kurekebisha tu, kupunguza kiuno, kukata suruali, kugeuza shati la mwanaume kuwa blauzi. Shangazi anasema hao ndio mafundi wa kweli Nairobi, kwa sababu kushona kitambaa kipya kila mtu aweza, lakini kufumua alichoshona mwenzio na kukirudisha bila alama, hapo ndipo kazi iko. Tulikaa pale mpaka njaa ikatutoa.

Alhamisi

Ndovu yatima wa kituo cha Sheldrick, upande wa Magadi Road, ndani ya mbuga. Lazima uwe umebuku mapema, ni saa moja tu kwa siku, saa tano mpaka saa sita. Wanaletwa wadogo wadogo wanakunywa maziwa kwa chupa kubwa halafu wanajigaragaza kwa tope, na mlinzi anakueleza kila mmoja alitoka wapi, mama aliuawa na majangili, mwingine ukame, mwingine alitumbukia kisimani. Wakikua wanapelekwa Tsavo kurudi porini. Usiku walinzi wanalala nao chumba kimoja.

Mdogo zaidi alikuwa amevalishwa blanketi, limefungwa tumboni na kamba. Shangazi, ndani ya koti lake la waridi, akaridhika sana. "Unaona? Hata ndovu wa huku yuwasikia baridi."

Giraffe Centre nayo tulipita, twiga amekula chakula kwa kiganja chake, ulimi mrefu wa rangi ya zambarau, amepiga kelele, nina video. Jam ya Langata Road kurudi sitaisimulia.

Ijumaa

Asubuhi Biashara Street, duka kwa duka, kitenge, kikoi, leso. Aliendea leso kwanza na hakununua hata moja, alienda tu kukagua kama wananakili vizuri, maana yeye ni wa leso za Mali ya Abdulla, lile duka la Mombasa la tangu 1887, na ukimletea nyingine anaisugua kitambaa kwa vidole halafu anakurudishia bila neno. Adhuhuri akaswali Jamia, mimi nikamngoja kwa mkahawa nikihesabu ni wafanyakazi wangapi wa serikali wamevaa nguo za hapa nyumbani. Si mnakumbuka 2019 Rais Uhuru Kenyatta alisema Ijumaa watumishi wa umma wavae zilizotengenezwa Kenya? Niliona mashati ya kitenge kadhaa. Kitenge chenyewe kimetoka China, lakini kimeshonwa River Road, sasa hapo sijui unahesabu vipi.

Kwa njia tulipita upande wa chuo kikuu nikamwonyesha, Iman, yule mwanamitindo Msomali, alikuwa mwanafunzi hapa, 1975 mpiga picha Peter Beard akamwona anatembea barabarani Nairobi, mwaka uliofuata yuko ndani ya jarida la Vogue. Shangazi akatazama wanafunzi waliokuwa wanapita, mmoja mmoja, kama anachagua.

Jioni ndio onyesho la mitindo, Westlands, juu ya paa la jengo moja, tiketi elfu mbili mia tano kila mtu, imeandikwa saa kumi na mbili kamili na saa mbili kasoro bado vijana wanafunga nyaya. Sitataja ya nani. Lakini kusema kweli hayo masaa mawili ya kungoja ndiyo yalikuwa onyesho lenyewe. Watu walikuwa wamevaa! Suti za kitenge zenye mabega mapana, kofia za manyoya, mzee mmoja na kikoi na viatu vya polisi, msichana ameshona gauni lote kwa magunia ya unga, na wote wanapiga foleni kupigwa picha mbele ya lile bango. Mimi nilivaa nyeusi. Shangazi alikuwa na buibui, koti la waridi, na raba zangu za mazoezi kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma. Kijana mwenye kamera kubwa akaja mbio.

"Mathe, hii look ni kali sana, dizaina ni nani?"

"Gikomba," akasema shangazi.

Kijana akaandika kwa simu. Naapa aliandika.

Halafu taa zikazimwa, muziki ukapigwa mpaka kifua kinatetemeka, wakaanza kutoka. Seti ya kwanza kitenge, mikono mikubwa kama maputo, nzuri kwa mbali, lakini shangazi ananinong'oneza maua hayakukutana kwenye mshono, mgongo waangalia kushoto na mbavu zaangalia kulia. Seti ya pili nyeusi tupu na minyororo, hakusema kitu. Ya tatu ikawa makoti ya shuka za Kimaasai yamekatwa vizuri sana, hata yeye akakaa wima, akauliza bei, nikamwambia hapa bei haiulizwi, akasema basi ni ghali.

Ya nne ndio ilileta shida. Magauni ya leso. Mbunifu alikuwa amekata leso mshazari ili gauni lianguke vizuri mwilini, na linaanguka kweli, limemkaa yule msichana vizuri mno. Lakini jina la leso lilikuwa limekatwa katikati, likazunguka kiunoni, "MGENI NJOO MWEN" halafu kwapa, na kipande kingine kwa paja juu chini. Shangazi akashika mkono wangu. Kwake leso ina pindo, ina mji, ile sehemu ya katikati, ina jina, yale maneno yaliyoandikwa, na jina ndilo ujumbe, mtu amechagua ile kwa sababu ya jina, unampelekea mke mwenzako au mama mkwe na anaelewa. Ukikata jina umemkata mtu maneno. Mimi nikamwambia pengine mbunifu hasomi, anaona tu muundo. Akasema ndiyo nasema, yeye haoni, na atuuzia.

Alinyamaza hadi kwa teksi. Nafikiri ana haki, na pia nafikiri lile gauni lilikuwa zuri, yote mawili.

Jumamosi

Jirani yangu ana mdogo wake anayetembea jukwaani, na alikuwa na onyesho Kibra, bure, uwanjani karibu na reli. Usicheke, Kibra mitindo si kitu cha juzi. David Avido wa Lookslike Avido ametoka huko, 2020 alishona barakoa kwa vitambaa vilivyobaki akagawia watu mtaani, na 2023 kulikuwa na Kibera Fashion Week kabisa. Hili letu lilikuwa dogo zaidi, kapeti jekundu limetandazwa juu ya udongo na kushikiliwa na mawe, spika mbili, watoto wengi kuliko kitu kingine chochote, na lilianza saa walizosema!

Nguo zote zilitengenezwa kwa mitumba. Jinzi zilizofumuliwa, mashati matatu yakawa moja, tai za kiume zikawa sketi. Katikati treni ikapita, wanamitindo wakasimama pozi pale pale mpaka mabehewa yakaisha, na watu wakashangilia treni. Halafu akatoka kijana na koti la jinzi za rangi nne, refu, na alipoligeuza tukaona bitana ni vitambaa vya miavuli mibovu, nyekundu, bluu, maua, na bado chapa moja inasomeka.

Likaisha tu, shangazi akawa ameshaenda nyuma ya pazia. Nikamkuta amemshika fundi, kijana wa miaka ishirini na kitu hivi, wamesimama kando ya cherehani ya Butterfly na koti liko ndani nje.

"Mishono mbona umeiacha nje? Yatafumuka haya."

"Sijaiacha, shosho. Nimeshona mara mbili halafu nikaacha nyuzi zionekane. Vuta."

Akavuta. Akavuta tena kwa nguvu, kwa kwapa, pale pale alipomkamatia yule wa Gikomba. Haikusonga. Akamwambia sawa, mshono ni mzima, lakini nguo inayoonyesha nyuzi ni nguo haijamalizwa. Kijana akasema nguo zote hapa hazijamalizwa shosho, hii jinzi ilikuwa ya mtu Marekani, sasa ni koti, mwaka ujao pengine ni begi. Shangazi akamwangalia. Akauliza mwavuli ameukata vipi bila kitambaa kuchanika, na hapo nikajua mazungumzo yamebadilika, nikaenda kutafuta mutura. Niliporudi walikuwa wamekaa chini na yeye anamwonyesha namna ya kushona pindo kwa mkono, na yule kijana ameacha kila kitu anamtazama vidole. Kwa ubishi wa mishono hakuna aliyekubali.

Jumapili

Nimempeleka Syokimau asubuhi. Koti la waridi amelivaa hadi ndani ya behewa, atalivua Voi huko joto likimshika, anasema halitoki kwake, atalivaa akija tena. Kumbe usiku alikuwa ameomba namba ya kijana wa Kibra.

Sasa wanatumiana sauti za WhatsApp. Anataka koti kama lile lakini fupi, la kuvaa hapo Mombasa msimu wa upepo, bitana iwe mwavuli, mishono iwe ndani. Kijana amesema mishono ndani ni elfu moja zaidi. Shangazi amemjibu kwa dakika nne na nusu, nimesikiza yote, na amemtumia mia tano ya kuanzia kwa Mpesa na maneno "utakata nikisema ukate".

Kijana amenipigia mimi kuuliza kama huyu mama huwa anamaanisha. Nikamwambia akate pole pole.